Stroki ya Milimita 74 au Injini ya Subaru: Nilivyoamua Juu ya Beetle Yangu

Injini ya Volkswagen Beetle ya cc 1600 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 50. Hizo ni farasi za usawa wa bahari, injini ikiwa mpya na kabureta safi. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, usawa wa bahari ninao, lakini ukweni kwangu ni Wundanyi, juu ya milima ya Taita, na Beetle ndilo gari la nyumbani. Ukishaiacha Mwatate barabara inaanza kujikunja, na huko gari lenye watu wanne, gunia la mchele na samaki wakavu kwa mama mkwe linashuka gia ya pili na kubaki hapo hapo. Mguu umekanyaga hadi chini, injini inalia, matatu nyuma inapiga honi, na mshale wa mita ya joto la oili niliyoifunga mwenyewe unapanda.

Injini yenyewe ilikuwa imechoka. Ringi zimeisha, moshi wa bluu asubuhi, na beringi kuu zimeacha mwanya mpaka taa ya oili inapepesa gari likisimama na injini ikiwa moto. Kufunguliwa ilikuwa lazima. Kilichobaki ni kuamua kama pesa hizo niziingize kwenye injini ile ile ili ikue kutoka ndani, au niitoe kabisa niweke injini kubwa zaidi. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa na swali hilo hilo juu ya Kombi yake, lile basi dogo la Volkswagen lenye injini nyuma, anayobebea mboga kutoka Taita hadi soko la Kongowea. Yeye akachagua injini ya Subaru. Mimi nikachagua krenki ndefu, yaani ule mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Magari yote mawili nimeyaendesha, nimelala chini yake na kuyashika kwa mikono yangu, kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya kusikia.

Stroki ni mwendo wa pistoni kutoka chini ya silinda hadi juu. Ukitia krenki yenye mkono mrefu zaidi, pistoni inasafiri zaidi, silinda inavuta hewa na petroli nyingi zaidi, na kwa nje injini ni ile ile. Wapo wapenzi wa Beetle wanaoona jambo hilo kama kuinajisi injini ya asili. Sikubaliani nao, maana Volkswagen wenyewe ndio waliotangulia. Injini ya 1200 ilikuwa na silinda za kipenyo cha milimita 77 na stroki ya 64, jumla cc 1192. Ilipokuja ile ya 1300, kipenyo kilibaki 77, kilichorefushwa ni stroki, ikawa 69. Baada ya hapo stroki haikuguswa tena, wakawa wanatanua kipenyo tu: 83 kwa ile ya 1500, halafu 85.5 kwa ile ya 1600, ambayo kamili ni cc 1584. Anayejivunia 1600 yake ya asili anajivunia krenki iliyokwisha kurefushwa mara moja.

Na jambo moja tusilisahau sisi wa Kenya. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Volkswagen ya cc 1192, kama Gus Hofmann alivyoshinda kwa Volkswagen mwaka 1957 na Vic Preston mwaka 1954. Barabara zilikuwa vumbi na tope, na magari yenye injini kubwa kuliko hizo yalikuwepo. Beetle ilishinda kwa sababu ilifika. Nimelishika hilo katika kila uamuzi niliofanya juu ya gari hili: kila farasi ninayoongeza nauliza kwanza itanipunguzia nini katika kufika.

Nilianza kwa mzee mmoja mkerezaji, mtu aliyekereza krenki za malori na mashua tangu ujana wake. Nilimwonyesha orodha ya vipuri niliyotaka kuagiza. Akaisoma, akairudisha, akaniambia: "Mwanangu, krenki yeyote mwenye pesa ataagiza. Nani atakupimia?" Nilidhani anazungumzia kazi yake. Baadaye, injini ikiwa mezani vipande vipande, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akizungumzia kila kitu.

Krenki za Beetle za kurefusha zinauzwa kwa hatua: 74, 76, 78, 82 na kuendelea. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini gharama yake ndani ya bloku haikaribiani hata kidogo. Krenki ya 74 kwa kawaida inazunguka ndani ya bloku la asili, yaani gamba la injini, bila kugusa kitu, au kwa kukwanguliwa kidogo sana. Ukifika 78 tayari konrodi, zile fito zinazounganisha pistoni na krenki, zinatafuta kugonga kuta za bloku na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na lazima ukate chuma kwa ndani. Bloku la Beetle ni la magnesiamu, laini, na ukikata pasipo pake umelipoteza. Kwenye 82 unakata zaidi, unachagua konrodi maalumu na kamshafti yenye nafasi, na injini nzima inapanuka kiasi kwamba mabati ya hewa na egzosi havikai tena vizuri.

Kuna pia kasi ya pistoni. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni ya stroki ya 69 inakwenda wastani wa mita 9.2 kwa sekunde. Kwa 74 ni mita 9.9. Kwa 82 ni karibu mita 11. Kila mita unayoongeza hapo inalipwa na ringi, konrodi na oili. Aidha, konrodi ya asili ina urefu wa milimita 137. Juu ya stroki ya 69 urefu huo ni karibu mara mbili ya stroki, na hiyo ni sababu moja ya Beetle ya asili kuzunguka kwa utulivu. Juu ya 82 unashuka hadi mara 1.67, konrodi inalala zaidi, na pistoni inasukumwa zaidi kwenye ukuta wa silinda. Kwa mashindano ya muda mfupi, watu wanafanya na wanafurahia. Kwa gari la kwenda ukweni na kurudi, na joto la Mombasa juu yake, nilisimama kwenye 74.

Kipenyo nacho kilikuwa na mjadala wake. Ningeweza kubaki na silinda za 85.5 na krenki ya 74, nikapata cc 1699 bila kukata bloku mahali popote. Ni njia ya heshima, na kwa mtu asiye na mkerezaji wa kumwamini ningemshauri aishie hapo. Ziko pia silinda za 88 zinazoingia kwenye tundu la asili bila kukata, na hizo nasema wazi: achana nazo. Wamepata kipenyo kwa kupunguza ukuta, na ukuta mwembamba kwenye injini inayopozwa kwa hewa unapinda ukishika moto. Mimi nilitaka 90.5, zenye ukuta mnene, ambazo zinadai bloku na hedi, vile vifuniko vya silinda vyenye valvu, zitanuliwe kwa mashine. 90.5 kwa 74 inatoa cc 1904.

Hapo ndipo kupima kulipoanza.

Krenki ya 74 inapandisha pistoni milimita 2.5 juu zaidi ya ilipokuwa ikiishia, kwa kuwa nyongeza ya milimita 5 inagawanyika, nusu juu na nusu chini. Ukitumia pistoni zenye pini mahali pa kawaida, zitachomoza nje ya silinda. Kwa hiyo unaweka pete za kuinulia silinda chini yake. Silinda zikiinuka, hedi zinasogea nje, na vijiti vya kusukuma valvu vinakuwa vifupi. Hivyo unanunua vijiti virefu visivyokatwa, unavipima kimoja kimoja huku valvu ikiwa nusu ya kufunguka, ndipo unavikata. Mtu aliyezoea kufunga injini kwa kubadilisha kipuri kwa kipuri hapa atachoka haraka, kwa maana hakuna kitu kinachokuja na kipimo chake tayari.

Halafu mgandamizo, yaani hewa na petroli vinabanwa mara ngapi kabla ya kuwashwa, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo injini nyingi za aina hii zinapofia. Injini ya asili ya 1600 ina mgandamizo wa 7.5 kwa 1. Silinda moja inafagia cc 396, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni cc 61 hivi. Silinda yangu mpya inafagia cc 476. Ukiiachia nafasi ile ile ya 61, mgandamizo unaruka hadi 8.8 kwa 1 bila wewe kukusudia. Kwa injini inayopozwa na maji huenda usilijali hilo. Kwa Beetle iliyojaa watu inayopanda mlima polepole, feni ikizunguka taratibu kwa kuwa inafuata mwendo wa injini, hiyo ni kugonga kwa petroli, yaani petroli kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpango, na kugonga kunakula pistoni. Mimi nilitaka 8 kwa 1, maana yake nafasi ya cc 68. Nilihitaji kuongeza cc 7 kwa kila silinda.

Njia rahisi ni kuongeza unene wa ile pete chini ya silinda. Milimita 1 ya kuinua, kwa kipenyo cha 90.5, inatoa cc 6.4, na fundi wangu alikuwa tayari kufanya hivyo jioni ile ile. Nilikataa. Pistoni ikiishia mbali mno na hedi, mchanganyiko hausukumwi kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, unaungua ovyo, na kugonga kunarudi kwa mlango wa pili. Tulibakisha mwanya kati ya pistoni na hedi kuwa milimita 1.2, tukachonga vyumba vya kuungulia ndani ya hedi kidogo kidogo. Kila baada ya kuchonga tuliweka kipande cha plastiki angavu chenye tundu juu ya chumba, tukamimina mafuta ya taa kwa bomba la sindano na kusoma cc zilizoingia. Ilikuwa kazi ya kuinama siku kutwa. Vyumba vyote vinne vilipolingana, mzee mkerezaji alikuja kuangalia, akanywa chai, akaondoka bila kusema neno, na kwa anayemjua hiyo ni sifa.

Mengine nitayapitia upesi. Krenki ya asili haina vizani vya kuisawazisha, mpya inayo, na mtetemo unaopungua unausikia kwenye usukani. Flaiwili ya asili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya krenki, inashikwa na pini nne, tukaongeza ziwe nane. Bloku likatiwa vipande vya chuma vyenye nyuzi mahali pa stadi, boliti ndefu za hedi, ili zisivutike na kutoka na nyuzi. Kabureta moja ya asili isingetosha, nikafunga mbili, moja kila upande.

Oili inastahili zaidi ya sentensi moja. Beetle inabeba lita 2.5 tu, na badala ya chujio ina wavu. Kwa kazi yote hiyo ya kukereza, kuacha wavu peke yake ni kujinyima. Tulitoboa bloku na kupitisha oili yote kwenye chujio la kawaida la nje kabla haijafika kwenye beringi.

Na mabati! Karibu kila Beetle ninayoiona Mombasa imepoteza bati fulani au ule mpira unaozunguka injini. Watu wanaviona kama mapambo. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Mpira ukikosekana, feni inavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye silinda na egzosi, inairudisha tena kupoza. Kabla hujaongeza hata cc moja kwenye gari hili, hakikisha bati zote zipo na mpira umekaa. Nina hakika kuna watu waliouza Beetle zao kwa sababu ya joto, na dawa ilikuwa ule mpira. Nilihakikisha pia nina kipoza oili cha aina iliyokuja tangu 1971, kinachokaa pembeni kwenye kisanduku chake. Kile cha zamani kilisimama katikati ya njia ya hewa, na silinda namba 3 iliyo nyuma yake ndiyo iliyokuwa ikiungua kwanza.

Sasa gari linapandaje? Wundanyi tunapanda kwa gia ya tatu sehemu kubwa, ya pili kwenye kona za kubana. Hatukupima farasi kwa mashine, hivyo sitataja namba. Ninachoweza kusema ni kwamba nguvu zinakuja chini, mapema, mahali ambapo barabara ya mlima inazitaka, na hiyo ndiyo tabia ya stroki. Huko juu hewa inapungua uzito. Nairobi, kwenye kama mita 1,800, injini yoyote isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na milima ya Taita nayo inachukua ushuru wake. Cc za ziada ni njia ya kulipa ushuru huo bila kuizungusha injini kwa fujo.

Tuje kwa Kombi ya shemeji.

Kombi tupu ina zaidi ya kilo 1,200, na ikipakiwa kabichi na viazi inapita tani mbili. Nilipompigia hesabu ya injini kama yangu, mwenyewe niliona haitoshi. Injini inayopozwa kwa hewa na kubeba mzigo huo kwenye milima, kila wiki, ingekuwa imekanyagwa hadi mwisho muda wote, na joto linalozalishwa halina pa kwenda isipokuwa kwenye hedi. Angehitaji 82, silinda kubwa zaidi, hedi za bei, na bado angeishi kwa kuangalia mshale. Kwake injini kubwa ndiyo ilikuwa jibu, na nilimwambia hivyo kabla hajaniuliza.

Injini ya Subaru aliyoichagua, EJ20, ina cc 1994, kipenyo 92 na stroki 75. Tazama hapo: stroki yake ni milimita moja tu zaidi ya krenki yangu. Tofauti ni maji, valvu nne kwa silinda, petroli inayopimwa na kompyuta, na hedi ambayo kiwanda kilikwisha kuifikiria. Silinda zake zinalala mbili huku na mbili huku kama za Volkswagen, kwa hiyo inaingia nyuma ya Kombi bila kukata mwili. Inazunguka upande ule ule pia, hivyo giaboksi ya Volkswagen inaendelea kwenda mbele inapopaswa kwenda mbele. Na nchini Kenya zimejaa. Injini ya mtumba kutoka Japani, na waya zake na kompyuta yake, ilimgharimu chini ya nilivyolipia krenki, silinda, hedi na usafiri wa vipuri vyangu.

Lakini injini ilikuwa mwanzo wa matumizi. Baada yake ilikuja sahani ya kuunganisha injini na giaboksi. Ya kwanza ilichongwa na karakana moja iliyoahidi kuimaliza wikendi, na tundu lake la katikati lilikaa pembeni ya kitovu kwa kiasi ambacho jicho halikuona. Klachi ikatetemeka tangu siku ya kwanza, na beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi ikasagika. Mzee mkerezaji aliipima kwa saa yake ya kupimia, akaitupa, akachonga nyingine. Kisha sampu, bakuli la oili chini ya injini: ya Subaru inaning'inia chini kiasi cha kugonga mawe ya barabara ya shambani, ikabidi ifupishwe na kupanuliwa pembeni isipoteze oili, na bomba la kuvuta oili likatwe kulingana nayo. Kisha pampu ya petroli ya msukumo mkubwa, na njia ya kurudisha petroli kwenye tangi, ambayo Kombi ya kabureta haikuwa nayo.

Rejeta ilikaa mbele, injini iko nyuma, na kati yake ni urefu wa gari zima. Mabomba ya maji yanapita chini ya sakafu kwenda na kurudi, na hewa inajificha kila mahali palipoinuka. Kilichotusumbua kuliko vyote ni thermostati ya Subaru, kile kilango kinachofunguka kwa joto ili kuruhusu maji ya rejeta, ambayo inakaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, chini. Haifunguki mpaka maji moto yaifikie, na yanaifikia kupitia ule mzunguko mdogo wa kupasha joto ndani ya gari. Mombasa nani anataka joto ndani ya gari? Mafundi wawili walikuwa wameshauri mzunguko ule uzibwe. Ukizibwa, hedi zinachemka huku thermostati chini imekaa kwenye maji ya baridi, imefunga, na rejeta huko mbele iko baridi kabisa. Tuliunganisha mipira miwili kwa bomba fupi ili maji yazunguke, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Yeyote anayefikiria Subaru ndani ya Volkswagen, hili alishike.

Waya zilichukua muda kuliko chuma. Mkanda wa waya wa Subaru una matawi ya taa, milango, viyoyozi na vitu ambavyo Kombi haina. Unakaa na mchoro, unafuata kila rangi, unabakisha kile ambacho kompyuta inakihitaji: sensa ya krenki, ya kamshafti, ya hewa, ya joto la maji, ya egzosi, vipulizi vya petroli na koili. Fundi wa umeme aliyefanya kazi hiyo alikuwa kijana mtulivu ambaye hakukata waya wowote kabla ya kuubandika karatasi yenye jina. Fundi wa namna hiyo ukimpata, mlipe anachotaka.

Breki zikafuata, maana mzigo ule ule sasa ulikuwa ukishuka Mwatate kwa kasi nyingine. Halafu karatasi. Logbook ya Kenya ina namba ya injini na ujazo wake, na kubadilisha injini ni kubadilisha maelezo hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pamoja na kuiarifu bima. Kwangu mimi, bloku likiwa lile lile, namba haikubadilika, ila ujazo nao ni haki yake kuandikwa ulivyo. Watu wengi wanaliruka hili, na mimi naliona zito: siku ya ajali, bima itasoma karatasi.

Leo Kombi inapanda na tani yake ya mboga bila kuhangaika, inawaka asubuhi kwa kugusa ufunguo, na kwa kilometa ilizobeba mzigo inakula petroli kidogo kuliko ilivyokuwa ikila na injini yake ya zamani iliyochoka. Shemeji hasikii tena injini ikiomba msamaha. Kwa upande mwingine, siku ikikataa kuwaka njiani, bisibisi na kipande cha waya havitoshi. Inabidi apatikane mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Beetle yangu, ikikataa, mara nyingi ni pointi, plagi au petroli, na mambo hayo nayatengeneza kando ya barabara kabla chupa ya maji haijapata joto.

Wananijia vijana wakiuliza ipi bora, na mimi huwauliza gari lina uzito gani likiwa limejaa, na linapanda wapi. Kwa Beetle, kilo 850 hivi likiwa tupu, kama unachotaka ni kutoka farasi 50 hadi themanini au pungufu kidogo, stroki ya 74 inatosha na gari linabaki zima: breki za diski mbele, giaboksi ile ile, hakuna rejeta, hakuna mabomba. Ukianza kutamani zaidi ya farasi 100, acha kununua krenki ndefu zaidi. Kuanzia hapo kila farasi unayoifinya kutoka kwenye bloku la magnesiamu ni ghali kuliko iliyotangulia na inaishi muda mfupi zaidi, wakati EJ20 ya kawaida inatoa hizo bila kutoa jasho. Kwa Kombi ya mizigo sina hata haja ya kufikiri mara mbili. Na kwa aliye na pesa ya kazi moja lakini hana mkerezaji wa kumpimia wala fundi wa umeme mwenye subira, namwambia afanye ovahoo ya 1600 kwa vipimo vya kiwanda, arudishe mabati na mpira, aweke chujio la oili. Nimeona Beetle za namna hiyo zikizipita zile zilizotiwa vipuri vya bei kwa haraka.

Mwezi huu Kombi inafika zamu ya mshipi wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti pamoja na krenki. Ule uliokuja na injini tuliubadilisha kabla ya kuifunga, kwa kuwa injini ya mtumba haina wa kukuambia umri wa mshipi wake, na kwenye injini nyingi za EJ mshipi ukikatika valvu zinagonga pistoni. Tutaufanya uani kwangu, pamoja na pampu ya maji na roli zake, maana kufungua mbele ya injini ile mara mbili ni kupoteza kazi. Beetle yenyewe nairekebisha valvu kila kilometa 5,000, alfajiri injini ikiwa baridi kabisa, mwanya wa milimita 0.15. Valvu ya moshi ya silinda namba 3 ndiyo ninayoiandika kwenye daftari kila safari: mwanya wake ukianza kupungua mara kwa mara, valvu inarefuka, na hedi lazima ishuke kabla kichwa cha valvu hakijakatika na kuangukia kwenye pistoni.